Sahihi ya Mlangoni

3 Machi, Jumatatu

Daftari jipya. Nimeandika namba za kurasa kwanza, moja hadi mia mbili, kabla ya neno lolote. Kaka yangu akiona atacheka, lakini miaka kumi na tisa ya kuandika kumbukumbu za vikao vya halmashauri imeniingia mwilini. Kitabu kisicho na namba kinachanika bila mtu kujua, na mimi kitabu cha namna hiyo sikitaki hata chumbani kwangu.

Mvua imeanza leo, na waraka umefika. Kila mji utume wajumbe wawili kwenye Bunge la Katiba. Uamuzi ni wa kamati ya madiwani watano, na zinatakiwa sahihi zote tano. Ikikosekana moja, mji hauna wajumbe. Ukurasa wa pili una sharti: watakaotuma wajumbe wawe wamekubali sura ya kwanza ya rasimu kama ilivyo. Sura hiyo inasema ardhi yote ya mijini ni ya serikali kuu. Katika kata ya kaka yangu karibu watu wote wamejenga bila hati.

Kaka ni mmoja wa hao watano. Kazi ipo.

5 Machi, Jumatano

Mvua. Dari la masjala linavuja juu ya kabati la majalada. Nimeweka ndoo.

9 Machi, Jumapili

Nimeshinda kwa Kaka kama kila Jumapili. Mama anaishi kwake, kwa hiyo hata tukigombana lazima nirudi.

Kaka alikuwa fundi mwashi kabla ya kuwa diwani, na bado ni fundi. Mji mzima unamwita Timazi, kile chuma cha kwenye uzi ambacho fundi hukining'iniza kuona kama ukuta umesimama wima. Jina limemkaa. Tangu azaliwe hajaona kitu kilichonyooka. Leo kiti changu kimepinda, redio inadanganya, na Wifi ameharibu chai kwa sukari.

Nikamwambia, "Kaka, mkisusa, huko ndani nani atawasemea?"

"Sharti la kuingia ni kukubali. Sasa ukishakubali unaingia kubishana na nani? Na viti?"

"Mwalimu anasema mtu akiwa ndani anaweza kuomba marekebisho."

"Mwalimu amefundisha watoto miaka thelathini na tano, anadhani na wakubwa wataogopa chaki."

Mama akasema tubishane polepole, anasikiliza mvua. Wifi akacheka hadi akaweka kikombe chini. Mimi nilinuna njia nzima. Yule Mwalimu mstaafu ana akili, naye yumo kwenye kamati, na kwa siri niko upande wake. Kaka hajui kushindwa bila kelele.

14 Machi, Ijumaa

Mkutano wa kata ulikuwa kwenye ukumbi wa shule, watu wamebanana kwa sababu ya mvua. Nilikwenda kama dada, bila kalamu. Kaka alipanda juu ya dawati.

"Nyumba nyingi mtaani nimejenga kwa mikono hii," akasema. "Siku mtakayoona saini yangu kwenye karatasi ya kuwapa ardhi yenu, msinifuate kuniuliza. Njooni mbomoe ukuta wangu."

Watu walipiga meza. Mimi nilitazama chini kwa aibu. Ana ulimi usiojua breki.

18 Machi, Jumanne

Ndoo mbili sasa.

20 Machi, Alhamisi

Kikao cha kamati. Nitaeleza kwa urefu kwa sababu kichwa bado kinaniuma.

Hapa kwetu diwani hutia sahihi ya mahudhurio mlangoni kabla ya kukaa. Karatasi huwa tupu sehemu ya juu. Kichwa cha habari nakipiga chapa mwenyewe baada ya kikao, kwa kuwa Mwenyekiti wa halmashauri, naye akiwa mmoja wa watano, hubadilisha ajenda watu wakiwa wameshakaa, na mimi sipendi karatasi yenye maneno yaliyofutwa. Utaratibu huo niliuanzisha mwaka wangu wa pili kazini, na siku hizi halmashauri za jirani zimeuiga. Najivunia.

Kaka alifika wa mwisho, amelowa chapa chapa. Akainama kutia sahihi, kofia yake ikadondosha tone palepale kwenye mstari wa tano, wino ukatanuka. Nikamwambia asante kwa kunichafulia kazi. Akajibu, "Karani, hilo ni tone, si mafuriko."

Kikao kilichukua saa nne. Wanne wanataka twende, Kaka hataki. Mwalimu alisema kwa utaratibu mzuri sana kwamba kiti kitupu hakina mdomo. Kaka akasema mdomo uliofungwa kabla ya kuingia ni mzigo tu wa nauli. Wengine wawili walipiga miayo. Mwenyekiti hakupandisha sauti hata mara moja. Alimsikiliza Kaka akitukana rasimu, akitukana waraka, karibu amtukane na yeye, kisha akasema, "Ndugu yangu, tumekusikia," akaahirisha bila uamuzi. Nilipotoka alinishikia mwavuli hadi getini. Miaka kumi na tisa mtu huyo hajanifokea. Ingekuwa ndugu tunachagua, ningejua wa kumchagua.

21 Machi, Ijumaa

Mwenyekiti ameniomba karatasi ya jana kabla sijaipiga kichwa. Nikampa. Mvua mchana kutwa. Nimenunua betri za redio.

25 Machi, Jumanne

Mahudhurio ya tarehe ishirini bado hayajarudi. Mwenyekiti anasema yako mezani kwake, nisiwe na haraka.

29 Machi, Jumamosi

Nilikuwa napiga pasi. Redio ikasoma orodha ya miji iliyokubali kutuma wajumbe, na wetu umo. Wajumbe ni wawili: Mwenyekiti na Mwalimu. Halafu yakasomwa majina ya kamati iliyotia sahihi, na la tano ni la kaka yangu.

Nimeunguza blauzi. Niliposikia harufu, pasi ilikuwa imeshatoboa.

Nimeduwaa. Nimejaribu kufikiri kwamba wamekosea, lakini majina hayo hayasomwi bila karatasi, na karatasi haiendi bila sahihi. Kazi hiyo naijua. Kaka ametia sahihi. Alisimama juu ya dawati mbele ya watu wote, halafu akaenda kimyakimya kutia sahihi.

30 Machi, Jumapili

Sikwenda kwa Kaka.

1 Aprili, Jumanne

Kaka alikuja ofisini akipiga kelele kwamba hakutia sahihi popote. Mlinzi alimtoa. Mimi nilikuwa masjala, nikasikia kila neno, na sikutoka.

Baadaye nilimwuliza Mwenyekiti. Akavua miwani, akasema kwa upole, "Usimlaumu sana, dada. Alikuja nyumbani mwenyewe. Binadamu ana shida zake. Sasa watu wamemgeuka, anaona aibu, ndiyo maana anakana."

Nilimshukuru kwa kunieleza. Nilirudi kwenye meza yangu nikalia kidogo, kisha nikawa na hasira. Acha niandike wazi, maana hapa hasomi mtu: kaka yangu ameuzika. Maisha yake yote anapima kuta za wenzake, kumbe wake ndio uliolala. Ni mwongo, tena mwoga, na kelele zake zote zilikuwa za kuficha woga. Namwonea haya.

4 Aprili, Ijumaa

Walilishika neno lake la juu ya dawati. Asubuhi watu kama arobaini walifika na nyundo, hata hawakukimbia wala kujificha, wakabomoa ukuta wa mbele wa ua wake mchana kweupe. Nimesimuliwa na muuza magazeti. Anasema walifanya kazi kwa utaratibu, wakapanga matofali pembeni, na Kaka alisimama mlangoni akiwatazama, mikono mifukoni. Mama alikuwa ameketi kwenye kiti chake, na ukuta ulipoanguka akajikuta anatazamana na barabara.

Niliposikia habari ya Mama nilitaka kwenda. Lakini nilijiambia, ya kuyataka mwenyewe hayo.

6 Aprili, Jumapili, alasiri

Nimetoka dukani muda huu. Mvua ni ya kumwaga, nimeacha mwavuli barazani ukauke, nimefunga mlango.

Kaka yuko nje. Anabisha.

Sifungui. Naandika ili mkono uwe na kazi nyingine. Anasema, "Dada, ni mimi." Najua ni wewe. Anasema, "Nataka tuzungumze kidogo tu, kisha niende." Tuzungumze nini? Utaniambia hukutia sahihi, na mimi kazi yangu ni sahihi. Ukinidanganya usoni sitaweza kukuheshimu tena, na nikikufungulia nitakuhurumia. Bora nisikuone.

Bado anabisha. Si kwa nguvu, anatumia vidole tu. Sasa amenyamaza, lakini hajaondoka, namsikia anakohoa. Alikuwa na kifua hiki tangu utotoni, alikuwa ananibeba mgongoni kuvuka maji tukienda shule huku anakohoa.

Ameondoka. Sikufungua.

9 Aprili, Jumatano

Mvua.

14 Aprili, Jumatatu

Nimekutana na Wifi kwenye foleni ya zahanati. Wanawake wawili walihama benchi alipoketi. Aliniona, akanipungia. Nilijifanya nasoma tangazo la chanjo, nikalisoma lote.

17 Aprili, Alhamisi

Hakuna mtu anayempa Kaka kazi. Nimesikia, sijauliza.

24 Aprili, Alhamisi

Sijui nianzie wapi. Nitaanza na saa. Saa nne asubuhi dereva wa ofisi kuu alileta bahasha: nakala ya azimio letu yenye mhuri, ili niiweke kwenye jalada. Nilikuwa sijawahi kuiona. Juu, maneno yaliyopigwa chapa: *Sisi tuliotia sahihi hapa chini tumekubali sura ya kwanza kama ilivyo na tumeazimia kutuma wajumbe.* Chini, sahihi tano, zimepangwa kwa mistari niliyoichora mimi kwa rula yangu.

Ya tano ni ya Kaka, na wino wake umetanuka kwa tone la maji.

Nilikaa chini. Sikukaa kitini, nilikaa sakafuni karibu na ndoo. Niliisikia ndoo ikipokea maji, tone moja moja, na kila tone lilinichoma. Hii ni karatasi yangu ya mahudhurio. Ilikuwa tupu juu kwa sababu mimi hupenda iwe tupu juu. Madiwani wametia sahihi kwenye karatasi tupu miaka kumi na saba kwa kuwa niliwafundisha mimi, na hakuna hata mmoja aliyeuliza, kwa kuwa waliniamini.

Nilirudi nyumbani kabla ya saa. Nimefungua daftari hili, 21 Machi. Sentensi mbili, na baada yake nimeandika mvua na betri za redio. Nilimpa kisu, kisha nikaenda dukani.

Na Kaka alikuwa anasema kweli. Mlangoni kwangu, mvuani, alikuja kusema kweli.

26 Aprili, Jumamosi

Nimekwenda kwa Mwalimu. Nilitaka mtu mwenye akili aniambie nimekosea kuona. Aliitazama nakala muda mrefu, akanikaribisha chai, akasahau kuimimina.

"Mwenyekiti alituambia Timazi amelainika," akasema. "Akasema saini zetu anazo, hakuna haja ya kuhangaika mvuani. Mimi nilijua anasema ile karatasi ya mahudhurio."

"Ulijua, Mwalimu?"

"Nilitaka twende. Bado naamini ni lazima twende. Nikaona jibu limepatikana, nikanyamaza."

Nimemheshimu mtu huyu tangu nikiwa na meno ya utoto. Kwenye kikao kile kelele zote zilikuwa za Kaka, na kumbe ndiye peke yake aliyekuwa anacheza wazi.

Nilimwambia nitalipeleka suala kwenye baraza kamili, tarehe nane. Mwalimu akasema Mwenyekiti atakana, atasema mahudhurio yalipotea na hii ni karatasi nyingine. Ushahidi wa tone na wa siku niliyomkabidhi upo mahali pamoja tu, kwenye daftari hili.

"Lakini unajua kanuni," akasema. "Kitabu kikiletwa barazani kinaletwa kizima, na kinasomwa chote."

Najua kanuni. Niliiandika mimi.

27 Aprili, Jumapili

Nimesoma nilichoandika juu ya kaka yangu. Mwongo. Mwoga. Ameuzika. Namwonea haya. Na mlango. Hasa ule mlango.

Wembe uko juu ya meza. Kuchana kurasa tatu hakuchukui hata dakika, ila nilizipa namba, na daftari lenye pengo Mwenyekiti atalitupa nje na itakuwa haki yake. Nikilipeleka zima, Kaka atasafishwa, na siku hiyohiyo atasikia mbele ya madiwani ishirini na watatu jinsi dada yake alivyokaa ndani akimsikiliza anakohoa. Kazi najua itakwenda. La kazi halinitishi hata robo ya hilo.

Ningeweza kwenda kumwambia kwanza. Nimevaa viatu mara mbili, nikavivua. Mwoga ni nani sasa?

2 Mei, Ijumaa

Mvua zinapungua. Ndoo moja.

8 Mei, Alhamisi

Nilipiga kichwa cha karatasi ya mahudhurio kabla ya mtu kuingia. Madiwani walishangaa. Kaka aliingia wa mwisho, amekonda, akaisoma karatasi mara mbili kuanzia juu hadi chini ndipo akatia sahihi. Hakunitazama.

Nilisimama kabla ya kumbukumbu kuthibitishwa. Nilisema azimio la kamati ni karatasi yangu ya mahudhurio, nikaweka nakala mezani, nikaweka daftari juu yake. Mwenyekiti alisema kwa sauti yake ileile ya chini kwamba karani amechoka na ni dada wa mhusika. Mwalimu akasimama. Akasema karani akiwa mhusika hasomi, atasoma yeye. Mwenyekiti akataka kujua kwa idhini ya nani. Madiwani kumi na tisa wakainua mikono.

Mwalimu alisoma kama anavyosomea darasa, haruki kitu. Ndoo, chai yenye sukari, kofia, tone. Alipofika 21 Machi alisimama, akarudia: "Nikampa." Nilidhani atafunga hapo. Mwenyekiti ndiye aliyesema, "Endelea, Mwalimu. Kanuni ni kitabu kizima." Alikuwa na haki, na alikuwa anatabasamu.

Kwa hiyo yakasomwa yote. Niliangalia meza. Mwalimu alipofika kwenye mlango, sauti ilimpungua, lakini hakuruka. *Bora nisikuone.* Mtu mmoja nyuma aliguna. *Sikufungua.* Sikumtazama Kaka, ila nilimsikia anakohoa.

Alipofika kwenye maneno yake mwenyewe, "nikanyamaza," Mwalimu aliyasoma kwa sauti kubwa kuliko mengine, akasema, "Ni kweli."

Azimio limefutwa. Mwenyekiti amesimamishwa uenyekiti, ingawa bado ni diwani, na mimi nimesimamishwa kazi, sawasawa. Kamati iliulizwa upya, hadharani, kila mtu kwa mdomo wake. Wanne ndiyo. Kaka akasema hapana, lakini safari hii hakupiga kelele. Kwa hiyo mji hauna wajumbe, na Bunge linafunguliwa Jumatatu.

"Watatunga bila sisi, Timazi," Mwalimu akamwambia.

"Inawezekana," Kaka akasema. "Sijui, Mwalimu. Kweli sijui."

Sikuwahi kumsikia akisema hivyo. Akatoka.

12 Mei, Jumatatu

Redio imesoma majina ya miji iliyohudhuria. Wetu haumo. Nilijikuta nausubiri hata hivyo.

18 Mei, Jumapili

Wamenirudishia daftari, na nimenakili humu ya tarehe nane na kumi na mbili niliyokuwa nimeandika kwenye karatasi. Kila ukurasa una mhuri wa halmashauri, hata huu ambao ulikuwa mtupu.

Jua limetoka. Nilikwenda kwa Kaka kwa miguu, nikiwa nimejiandaa kufukuzwa. Alikuwa nje anajenga upya ukuta, na watu wawili kati ya wale waliobomoa walikuwa wanamchanganyia mchanga na saruji bila kusema mengi. Mama alikuwa kwenye kiti chake akitazama barabara. Akasema, "Umekuja. Mwambie kaka yako aache dirisha, nimeshazoea kuona watu."

Niliweka mkoba chini nikaanza kumpa Kaka matofali. Alipokea moja, akapokea la pili. Uzi wenye timazi ulining'inia kati yetu. Nikasema, "Kaka, ile siku ya mvua."

"Nilisikia Mwalimu akisoma."

"Nilikuwa ndani."

"Nilijua," akasema. Alipachika tofali, akaligonga kwa mpini wa mwiko, akalitazama. "Mwavuli wako ulikuwa barazani, umefunguliwa, bado unadondosha maji."

Nilishindwa kunyanyua tofali lililofuata. Akalifuata mwenyewe.

"Nilipofika nyumbani Mama aliniuliza umesemaje," akasema. "Nikamwambia hukuwepo."